Presha 204 alfajiri: uchambuzi wa kisa kimoja cha kiharusi, Lamu

Mgonjwa ni mzee wa miaka 63, fundi wa majahazi, mzaliwa wa Matondoni anayeishi Langoni, Lamu mjini. Ana presha kwa miaka 9. Vidonge vyake alikuwa ameviacha wiki 6 kabla ya siku ninayoieleza, kwa sababu ninayoisikia kila wiki: alijihisi mzima. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na nilimwona mara ya kwanza siku ya 12, aliporudishwa nyumbani. Ya kabla ya hapo nimeyapata kwa kuwauliza mkewe, kijana wake na jirani, mmoja mmoja, na kwa kusoma karatasi za rufaa na za kuruhusiwa. Familia imeniruhusu kuandika. Majina nimeyaacha.

Sababu ya kuandika ni mkewe. Siku ile ya kwanza, kabla sijafungua begi langu, alinivuta hadi mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ni mimi niliyemchelewesha?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta tangu wakati huo, na jibu lenyewe limenipeleka mbali na pale nilipodhani lingekuwa.

Alfajiri ile mzee alisali msikitini. Alitoka saa kumi na moja na nusu, akasalimiana na watu barazani, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Saa kumi na mbili kasorobo kikombe cha chai kilimtoka mkononi. Mkewe alipomuuliza ana nini, alimjibu kwa maneno yasiyokuwa maneno. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Kijana wake alimpa vidole viwili kwenye mkono wa kulia akamwambia, "Baba, kamata." Alikamata, kwa unyonge, lakini alikamata. Akashikwa kwapa, akapiga hatua tatu hadi kitandani, mguu wa kulia ukiburura na bado ukibeba uzito. Nayashikilia sana mambo haya mawili, vidole na zile hatua tatu, kwa sababu ndiyo picha ya pekee tuliyo nayo ya ubongo wake kabla haujaguswa na mtu.

Jirani alikuja na mashine ya presha. Ilisoma 204/112. Kila aliyekuwemo chumbani alisema jambo moja: presha imempanda kichwani, ishusheni. Jirani alikuwa na vidonge vya nifedipini alivyoandikiwa yeye mwenyewe. Wakakiponda kimoja wakamtia chini ya ulimi, na dakika 20 baadaye kingine. Saa moja na robo mashine ilisoma 132/76. Wakamshukuru Mungu. Lakini kijana, aliyekuwa bado anamjaribu kwa vidole vile vile, ndiye aliyeona kwamba baba hakamati tena. Mkono ulikuwa umelegea kama kamba iliyolowa. Mguu nao ukakataa, na usingizi mzito ukamchukua.

Hapo ndipo kombe ilipoletwa: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi na maji. Mkewe alimwinua kichwa akamnywesha kwa kijiko. Nilimwomba anionyeshe ilivyokuwa, akanionyesha kwa kijiko kitupu. Maji ya manjano yalitoka pembeni mwa mdomo yakateremka hadi kwenye kola ya kanzu, na yaliyobaki yalimpalia, akakohoa kikohozi dhaifu cha mtu asiye na nguvu ya kukohoa. Doa la zafarani bado liko kwenye kanzu ile. Hakutaka kulifua.

Saa mbili kasorobo wakafika hospitali. Sukari ilipimwa na ilikuwa sawa, akawekewa sindano ya maji, akaandikiwa rufaa kwenda Mombasa kupigwa skani ya kichwa. Saa tatu akapakiwa kwenye boti hadi Mokowe, kisha gari la wagonjwa, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi. Saa tisa na nusu alasiri aliingia kwenye skani. Hakukuwa na damu iliyovuja. Palikuwa na eneo pana la upande wa kushoto lililokwisha kubadilika rangi, sehemu inayolishwa na ateri ya kati ya ubongo, ile inayobeba usemi na mkono wa kulia kwa watu wengi. Siku ya tatu homa ilipanda na mapafu yakapatikana na nimonia. Akalazwa siku 9 zaidi.

Sasa niyachambue, nikianza na presha, kwa sababu hapo ndipo kisa hiki kilipo.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini huchukua kati ya asilimia 15 na 20 ya damu inayosukumwa na moyo. Kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na karibu mililita 50 za damu kwa dakika. Mtiririko ukishuka chini ya 20 hivi, seli hunyamaza: hazifanyi kazi, ila hazijafa. Ukishuka chini ya 10, hufa ndani ya dakika chache. Baina ya viwango hivyo viwili kuna eneo lililozimia likiwa hai, na mwaka 1981 Astrup, Siesjö na Symon waliliita penumbra, jina la kivuli chepesi cha ukingoni, kama kinachoonekana jua linapopatwa. Mkono unaokamata kwa unyonge huenda ukawa mkono unaoongozwa na penumbra. Matibabu yote ya saa za mwanzo za kiharusi cha kuziba, yaani cha mshipa uliozibwa na bonge la damu, yanapigania eneo hilo.

Na eneo hilo linaishi kwa nini, ikiwa mshipa mkuu umeziba? Linaishi kwa vijimshipa vya pembeni vinavyoleta damu kwa njia ya kuzunguka. Mtu wa Lamu ataelewa haraka nikimtajia Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya Manda na bara. Boti za kwenda Pate na Faza hupita hapo maji yakijaa. Yakipwa, unaona matope na mizizi ya mikoko, na nahodha husubiri. Vijimshipa vya pembeni ni Mkanda. Hupitisha damu ikiwa presha iko juu. Ubongo mzima una uwezo wa kubana na kulegeza mishipa yake ili mtiririko usiyumbe presha ikipanda au kushuka, lakini sehemu iliyojeruhiwa hupoteza uwezo huo na kubaki ikifuata presha tu, kama chombo kinavyofuata maji. Kwa hiyo ile 204 ya alfajiri, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mwili ukijaza maji ili Mkanda upitike. Vidonge viwili vilifanya maji yapwe kwa saa moja.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa unasema, kwa kiharusi cha kuziba ambacho hakitapewa dawa ya kuyeyusha bonge, presha isiguswe siku ya kwanza mpaka ivuke 220/120, isipokuwa moyo au kiungo kingine kiko hatarini. Anayepewa dawa ya kuyeyusha hushushwa hadi chini ya 185/110, taratibu, kwa dawa ya mshipani inayoweza kusimamishwa papo hapo. Nifedipini iliyopondwa haisimamishwi. Huachia dawa yote kwa mkupuo, na tangu mwaka 1996 madaktari waliandika kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani wakitaka mtindo wa kuitumia kushusha presha ya dharura uachwe, kwa sababu ya viharusi na mishtuko ya moyo iliyofuata. Karibu miaka 30 baadaye bado naukuta kwenye droo za vitanda hapa kisiwani.

Lakini lazima niwatendee haki waliokuwemo chumbani, kwa sababu kuna kiharusi ambacho wangekuwa sahihi. Mshipa ukipasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo, kuishusha presha mapema husaidia. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mdomo hupinda vile vile, mkono hulegea vile vile. Mwaka 2024 ulitangazwa utafiti kutoka China, INTERACT4, uliowahusu wagonjwa 2,404 walioanza kushushiwa presha ndani ya gari la wagonjwa, kabla ya skani. Kwa jumla haukuonyesha tofauti. Ukiugawa ndipo unaposhtuka: waliokuwa wanavuja damu walinufaika, waliokuwa wameziba waliharibikiwa, na mmoja akaufuta mwingine. Ule ulikuwa mkono wa wataalamu, kwa dawa iliyopimwa. Chumba cha Langoni kilikuwa kinabahatisha kitu kile kile bila vipimo, na viharusi vya kuziba ndivyo vingi kuliko vya kuvuja.

Je, naweza kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyoua mkono? Siwezi. Bonge la damu huweza kurefuka lenyewe, na wagonjwa wengine hudhoofika saa ya pili bila kuguswa. Ninachokitegemea ni mfuatano: vidole vilikamata kwenye 204, vikaacha kukamata presha iliposhuka kwa pointi 72 ndani ya saa moja. Mtaalamu wa neva niliyemsimulia alisema anaona uwezekano huo ni mkubwa. Naandika hivyo, na siandiki zaidi ya hivyo.

Sasa swali la mkewe, la kuchelewa. Sindano ya kuyeyusha bonge ilithibitishwa mwaka 1995 Marekani kwa saa 3 za mwanzo, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaisogeza hadi saa 4 na nusu. Kwa mzee huyu, saa zikihesabiwa tangu kikombe kilipoanguka, mlango ulifungwa saa nne na robo asubuhi. Chukua daftari uhesabu nami. Tuseme wasingepima presha, wasingetafuta kombe, wangembeba palepale. Hospitali saa kumi na mbili na dakika 10. Rufaa imeandikwa, boti imepatikana, wametoka saa moja. Barabara ni ile ile, saa 6 na nusu pamoja na kuvuka. Wangefika Mombasa saa saba na nusu mchana, wakiwa wamechelewa kwa zaidi ya saa 3. Ndege ya kukodi kutoka Manda ingebadilisha hesabu, lakini hiyo si hesabu ya fundi wa majahazi.

Kwa hiyo nilimwambia: hukumkosesha sindano. Bahari na barabara zilimkosesha. Alilia, na mimi sikuweza kuandika chochote kwa muda.

Hata hivyo saa ya ukutani si saa ya pekee. Mwaka 2015 tafiti tano, zikitanguliwa na MR CLEAN ya Uholanzi, zilionyesha kwamba bonge lililo kwenye mshipa mkubwa linaweza kuvutwa nje kwa waya unaopitishwa kutoka kwenye paja. Mwaka 2018 tafiti mbili, DAWN na DEFUSE 3, zikathibitisha kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa picha wanaweza kufaidika hata hadi saa ya 16, wengine hadi ya 24. Waliochaguliwa ni wale ambao picha ilionyesha kilichokufa ni kidogo na kilichozimia ni kikubwa. Na nani hubaki hivyo hadi saa ya 10? Yule ambaye vijimshipa vyake vya pembeni vimeendelea kupitisha. Hapo ndipo saa ile moja ya maji kupwa inaponiuma. Mzee alifika saa ya 10 na eneo lililokufa lilikuwa tayari pana. Hapakuwa na cha kuokolewa kwa waya hata kama waya ungekuwepo. Angefika na presha yake ile ile ya 200, pengine picha ingekuwa nyingine. Pengine.

Utafiti wenyewe umesonga hata zaidi ya kuufungua mshipa. Kuna wagonjwa ambao bonge linavutwa, mshipa mkuu unang'aa kwenye picha, na mkono haurudi. Mwaka 2014 timu ya David Attwell wa chuo kikuu cha UCL, London, ilionyesha kwa panya kwamba perisaiti, seli zinazoizunguka mishipa midogo kabisa kama vidole, huibana mishipa hiyo damu inapokosekana, kisha hufa zikiwa zimebana. Mfereji mkuu unafunguliwa na vitalu vinabaki vikavu. Huko Barcelona, kwenye utafiti wa CHOICE uliotangazwa mwaka 2022, walijaribu kumwaga dawa kidogo ya kuyeyusha moja kwa moja kwenye ateri baada ya bonge kuvutwa, ili ifike huko kwenye vidogo. Waliopona vizuri kabisa walikuwa asilimia 59, dhidi ya 40 kwa waliopewa dawa bandia. Wagonjwa walikuwa 121 tu na utafiti ulisimamishwa kabla ya kutimia, kwa hiyo ni mwanga wa taa, bado si mchana. Mwaka huohuo China ilionyesha upande wa pili wa hoja yangu: kwenye wagonjwa 821 ambao mishipa yao ilikwisha kufunguliwa, walioshushwa presha hadi chini ya 120 waliharibikiwa kuliko walioachwa kati ya 140 na 180, na utafiti ukasimamishwa mapema. Yaani hata mlango ukiwa wazi, ubongo uliojeruhiwa bado unahitaji kusukumiwa damu.

Kijana wa mzee alinijia siku moja na simu. Alikuwa amesoma kwamba kuubana mkono kwa mashine ya presha hadi 200 kwa dakika 5, kuuachia dakika 5, mara 5, asubuhi na jioni, kunafungua damu ya ubongo. Hakudanganywa. RICAMIS ya China, mwaka 2022, ilipata walio na hali nzuri kuwa asilimia 67 dhidi ya 62, kwa wagonjwa walioanza ndani ya saa 48. Mwaka uliofuata RESIST ya Denmark, iliyoanzia ndani ya gari la wagonjwa, haikupata faida yoyote. Nilimweleza zote mbili, na kwamba baba yake alikuwa wiki ya tano. Akaniuliza tena, "Lakini mashine tunayo." Nilimwelewa. Katika nyumba ambayo kifaa cha pekee ni kile, mtu hutamani kifaa hicho kiwe dawa. Tukakubaliana mashine ifanye kazi yake: kupima mara mbili kwa siku na kuandika. Maana baada ya siku za mwanzo mambo hugeuka, na presha ile ile iliyokuwa mlezi huwa adui. Lengo letu sasa ni chini ya 130/80, kwa vidonge vya kila siku bila kuruka.

Kuhusu mto, familia iliniuliza mara nyingi alazwe vipi ili damu ifike kichwani. Utafiti wa HeadPoST, mwaka 2017, uliwalaza wagonjwa 11,093, wengine chali kabisa, wengine wameinuliwa kichwa, na ulemavu haukutofautiana. Kwa mzee anayepaliwa mimi huinua kichwa. Na wanaotaka kumsimamisha mgonjwa siku ya kwanza wakidhani ni ujasiri, AVERT ya mwaka 2015 iliona mazoezi mengi ndani ya saa 24 yakiwapunguzia nafasi ya kupona vizuri. Tulianza taratibu.

Juu ya kombe sitaki kueleweka vibaya. Mtu akiwa amelala hivyo, kumwombea ni haki yake, na mimi pia nilimwombea. Tatizo lilikuwa kijiko. Kiharusi huweza kulegeza koo kama kinavyolegeza mkono, na maji hupita njia ya pumzi. Siwezi kuapa kwamba nimonia ya siku ya tatu ilianzia kwenye kijiko kile, maana hata mate yake mwenyewe yangeweza kuileta, lakini kikohozi kile kilikuwa onyo. Mpaka mtu apimwe kumeza, asipewe chai, asipewe uji, asipewe kidonge. Sahani inaweza kukaa kando ya kitanda na aya zikasomwa kwa sauti.

Na kusoma kwa sauti ndiko kulikoleta jambo ambalo sijaliona kwa uzuri huo tena. Wiki ya tatu mzee hakuweza kuomba maji. Alitafuta neno, uso ukamwiva kwa hasira, likatoka jingine. Jioni moja nikiwa nanyoosha vidole vyake, mkewe aliketi ukingoni akaanza Fatiha. Kwenye aya ya pili mzee aliingia naye. Akaisoma yote, herufi kwa herufi, madda kwa madda, hadi amin. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye mtungi na neno maji likamshinda. Nyumba ikagawanyika: wengine walisema ni pepo, mmoja akasema mzee anajifanya. Nikawaeleza kwamba maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni, dua, kuhesabu, salamu, hayategemei njia ile ile ya kuunda sentensi mpya, na mara nyingi hubaki wakati usemi umeharibika. Kutoka siku hiyo tukaifanya Fatiha mlango wa mazoezi. Anasoma, anasimama katikati ya aya, anaambiwa aseme jina la kitu alichokishika. Neno la kwanza lililotii lilikuwa "kamba".

Sasa ni mwezi wa sita. Anatembea hadi msikitini kwa bakora, asubuhi hafiki kwa wakati lakini adhuhuri hufika. Mkono wa kulia unainuka hadi kifuani, vidole bado vimejikunja, na ninashindana navyo kila Jumanne. Presha ya juzi ilikuwa 138/84. Wiki iliyopita nilimkuta uani na mjukuu wake, wamepakata ubao wa zamani wa jahazi. Mtoto alikuwa ameishikilia patasi, na mzee, kwa nyundo ya mbao mkono wa kushoto, alikuwa akisukuma kalafati kwenye ufa, akigonga, akisimama, akitafuta neno. "Ka... kaza," akamwambia mtoto. Mtoto akakaza.